Siku Tuliyosafisha Maktaba ya Chaka

Kila baada ya miezi mitatu ofisi ya maktaba ya mkoa, kule Nyeri, ilituletea karatasi yake ya habari. Zilikuwa kurasa nne zilizopigwa kwa stensili, na wino wake ulikuwa unabaki vidoleni hadi uoge. Mimi nilikuwa nikiisoma yote, hata habari za panya waliokula magazeti ya Kianyaga au karani wa Wang'uru aliyeoa, kwa sababu hakukuwa na barua nyingine iliyokuja kwa jina langu. Naitwa Ngatia. Kwa miaka tisa nilikuwa karani wa maktaba ya Chaka, na nikisema maktaba usianze kufikiria jengo. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la misumari na mabati la Mutahi, chenye rafu sita, meza moja, na vitabu mia nne na kumi na viwili vilivyoletwa kutoka Nyeri ndani ya makasha ya mbao.

Karatasi ya Machi 1981 ilikuwa na kichwa kipya kwenye ukurasa wa mwisho: NAFASI ZA MSAADA. Shirika moja la ng'ambo lilitaka kujenga maktaba ya mawe, yenye stima na maji ya mfereji, na kulipa makarani wawili kwa miaka mitano. Ingejengwa katika mji mmoja kati ya mitatu: Chaka, Kianyaga au Wang'uru. Afisa angetembelea kila mji ajionee mwenyewe jinsi wananchi wanavyoitumia maktaba yao. Halafu ikafuata sentensi ambayo niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Vitabu vya miji miwili itakayokosa vingekusanywa na kupelekwa kwenye jengo jipya, kwa kuwa mkoa haukuwa na vitabu vya kutosha kugawanya.

Maana yake ni kwamba tukishinda tungepata kila kitu, na tukishindwa tungebaki na rafu sita na buibui.

Nilimpelekea Mutahi karatasi dukani. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yetu, mtu mnene mwenye sauti kubwa, na chumba kilikuwa chake ingawa hakuwahi kututoza kitu. Alisoma, akavua miwani.

"Karani, hii kitu ni yetu," akasema. "Hao wengine wako na panya. Sisi hatuna panya. Wewe safisha hiyo nyumba mpaka mgeni aone haya kukanyaga."

Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Watu wanaonijua watakuambia kwamba mimi ni mtu wa usafi kupita kiasi, na mke wangu Ngendo atakuambia hivyo kwa maneno makali zaidi. Niliwahi kumfukuza mwalimu mkuu kwa kukunja pembe ya ukurasa. Na tena, ndivyo tulivyolelewa huku kwetu. Mgeni akitarajiwa, ua unafagiliwa, watoto wanasuguliwa miguu kwa jiwe, na vile vikombe visivyoguswa mwaka mzima vinatolewa kabatini. Hakuna mtu anayempokea mgeni na vyombo vya jana.

Hapa lazima nimtaje Kagure, maana habari hii ni yake kuliko ilivyo yangu.

Kagure, ambaye wengi tulimwita Mama Nderitu, alikuwa akiuza viazi na minji sokoni, hatua chache kutoka mlangoni pangu. Alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na minane, katika masomo ya ngumbaru kanisani, pamoja na wazee waliokuwa wakisinzia. Siku moja alikuja na tikiti yake mpya ya msomaji, akachagua kitabu cha afya ya mama na mtoto, akaketi mbele ya meza yangu na kuniambia kwa nini anakitaka. Miaka minne kabla ya hapo, mjukuu wake aliugua kuhara. Mtoto alikuwa akililia maji, na majirani wakamshauri Kagure amnyime, wakisema ukimpa maji unaongeza ugonjwa. Akamnyima. Siku ya pili mtoto akafa.

"Na hapa imeandikwa ati apewe maji," akasema, kidole kikiwa juu ya mstari. "Karani, ilikuwa imeandikwa siku hizo zote."

Nilipiga muhuri wa tarehe nikampa kitabu.

Tangu siku hiyo Kagure alikuwa akikirudisha kila baada ya wiki mbili, siku yenyewe ya mwisho, na kukiazima tena papo hapo. Muhuri juu ya muhuri. Karatasi ya tarehe iliyobandikwa mwanzoni mwa kitabu ilijaa, nikabandika nyingine juu yake, nayo ikakaribia kujaa. Sokoni alikuwa akiwasomea wenzake wakiwa wamekaa juu ya magunia. Mwanamke akiwa na mtoto mgonjwa alikwenda kwanza kwenye viazi vya Kagure, kisha ndipo atafute nauli ya kwenda zahanati. Haya yote niliyajua. Niliyaona kwa macho yangu kila siku ya soko, na bado nilifanya nilichofanya.

Nilianza kwa kuita vitabu vyote nyumbani. Nilitangaza kanisani na sokoni kwamba kila kitabu kirudi kabla ya Alhamisi, bila kisingizio. Na watu wakatii! Vilikuja vingine vimefungwa kwa leso, vingine vimepanguswa kwa mafuta ya taa, kimoja kimepigwa pasi ukurasa kwa ukurasa. Alhamisi jioni nilivihesabu. Mia nne na kumi na viwili. Kwa miaka tisa sikuwahi kuviona vyote pamoja, na nakiri kwamba nilifurahi hata nikamwita Ngendo aje aone.

Ngendo alipika gundi ya unga wa ngano, tukaanza kazi. Tulifuta alama za penseli. Tuliosha majalada. Palipopasuka tulibandika vipande vya karatasi nyeupe, vimekatwa kwa rula. Zile karatasi za tarehe zilikuwa zimekuwa nyeusi kwa vidole, nyingine zina alama za chai, kwa hiyo tulizilowesha, tukazibandua zote, tukabandika mpya. Halafu kulikuwa na daftari langu la kuandikia vitabu vilivyoazimwa kila siku. Lilikuwa limenyeshewa mara mbili na lilinuka mafuta ya taa. Nikanunua jipya, nikanakili hesabu za miaka tisa kwa mwandiko wangu mzuri, usiku tatu mfululizo, na lile la zamani nikalitumia kuwashia moto wa kuchemshia gundi.

Ijumaa Kagure alikuja kutafuta kitabu chake.

"Baada ya mgeni, Mama Nderitu," nikamwambia. "Wiki moja tu."

"Na mtoto akigonjeka hii wiki?"

"Wiki moja haiui mtu."

Maneno hayo nilimwambia yeye, kati ya watu wote. Alitazama ndoo iliyojaa karatasi za tarehe, zimelowa na kukunjamana.

"Yangu iko hapo ndani?"

"Ziko zote. Ni chafu, tunachoma."

"Mimi sijawahi kupewa cheti na mtu," akasema. "Hiyo ilikuwa na mihuri thelathini na moja. Nilikuwa nahesabu."

Nilimwambia aniache nifanye kazi. Wakati ule niliona kama ananipotezea muda, na leo nikikumbuka naona aibu hadi masikioni.

Mgeni alikuja Jumatano iliyofuata kwa Landrova ya serikali. Aliitwa Bwana Shariff, mtu wa mtaa wa Waswahili pale Nyeri mjini, mwembamba, kofia nyeupe ya kushonwa kichwani na mkoba chini ya kwapa. Alitusalimu mmoja mmoja kwa Kiswahili kile kilichonyooka cha kwao. Watu wa Chaka walikuwa wamejipanga nje kando ya ukuta, wanaume ndani ya makabuti ya Jumapili, wanawake na vitambaa vya kichwa vilivyopigwa pasi. Hakuna aliyeingia ndani. Nilikuwa nimewakataza kwa ajili ya matope, na hata nisingewakataza, hakuna ambaye angejipenyeza chumbani mbele ya mgeni.

Bwana Shariff alitembea kando ya rafu. Akatoa kitabu, akafungua mwanzoni, akatazama karatasi ya tarehe. Nyeupe. Akarudisha, akatoa kingine. Nyeupe. Nilisimama nyuma yake nikivimba kwa fahari.

"Hivi ni vitabu vipya, Bwana Ngatia?"

"Ni vya zamani, bwana. Tunavitunza."

"Na leo viko vingapi nje, kwa wasomaji?"

"Hakuna hata kimoja!" nikajibu. "Vyote viko hapa. Unaweza kuhesabu."

Akaomba daftari la kuazimia. Nikampa lile jipya kwa mikono miwili. Alifungua mwaka wa kwanza, akafungua wa tano, akafungua wa juzi, akapitisha kidole gumba juu ya wino.

"Miaka tisa," akasema polepole, "kalamu ni moja, na mwandiko hauchoki."

"Nimenakili, bwana. Lile la kwanza lilikuwa limechafuka."

"Naomba basi nilione lilivyochafuka."

"Nililichoma."

Nilianza kumweleza mambo ya mvua na mafuta ya taa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mwizi. Yeye alikuwa mstaarabu, hakunikatiza. Alitoka nje akamwendea Mzee Simeon, ambaye alikuwa amesoma kila kitabu chetu kinachohusu kondoo, na viwili vinavyohusu nyota.

"Mzee wangu, wewe hupenda kusoma vitabu gani hapa?"

Simeon alivua kofia. Kwetu mtu hasimami mbele ya mwenye mali akajisifu jinsi alivyoitumia mali yake. Ni kama kumhesabia mwenyeji vipande vya nyama ulivyokula kwake.

"Sisi hatusumbui vitabu ya serikali, bwana," akasema kwa heshima zote. "Inakaa tu vizuri kwa rafu."

Watu wote kando ya ukuta wakaitikia kwa vichwa. Ni kweli, ni kweli. Nilitamani kupiga kelele.

Wakati huo Kagure alikuwa uani kwa Mutahi, mahali ambapo mgeni hakumwona. Alikuwa ametoka sokoni moja kwa moja, miguu imejaa udongo, gunia begani, akitaka kuongea na mgeni. Mutahi alimwambia angoje kwanza mgeni anywe chai. Akangoja. Mgeni alikunywa chai, akashukuru, akaingia kwenye Landrova, nayo ikaondoka.

Karatasi ya Juni niliifungua nikiwa peke yangu. Wang'uru ndiyo iliyopewa. Waliandika kwamba afisa alikuta huko rafu zikiwa nusu tupu, watu wakigombania zamu ya kitabu cha ramani, na punje za mpunga katikati ya kurasa. Kuhusu Chaka waliandika mstari mmoja: vitabu viko katika hali nzuri kabisa, lakini hakuna dalili kwamba vinasomwa.

Nilimwandikia Bwana Shariff barua ya kurasa sita. Alinijibu kwa upole. Alisema mkataba umeshatiwa sahihi, na kwamba nikiwa na ushahidi wowote niutunze kwa ajili ya nafasi nyingine itakapotokea. Ushahidi! Ulikuwa jivu lililotupwa na Ngendo shambani kwenye sukumawiki. Mutahi aliposoma jibu hilo hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alisema tu kwamba yeye ndiye aliyesema tusafishe, kisha akaenda kumpimia mteja misumari.

Wiki zilizobaki niliwaazima watu vitabu bila kuangalia tarehe. Kagure nilimpa chake siku ile ile mgeni alipoondoka. Alikuwa akinisalimu kama kawaida, lakini hakuketi tena mbele ya meza yangu.

Lori lilikuja katikati ya Julai, siku ya soko, katika ile baridi yetu ya manyunyu ambayo haileti mvua wala haikuruhusu kukauka. Bwana Shariff alikuja nalo mwenyewe. Nilikuwa nimeshapanga makasha mlangoni, nikavitia vitabu alama kimoja kimoja kwenye orodha huku watu wakivileta. Safari hii hakuna aliyevaa nguo za Jumapili. Walikuja na matope yao, na mizigo yao, na watoto migongoni. Walikabidhi na kusimama palepale, kama watu wanaosubiri jeneza litoke hospitalini.

Kagure alikuja wa mwisho, na wanawake watatu wa sokoni. Mmoja wao alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Hakunipa kitabu. Alikifungua, akaweka kidole kwenye mstari, akaanza kusoma kwa sauti.

"Mtoto anayehara anapoteza maji ya mwili. Usimnyime maji. Usimnyime titi la mama."

Alisoma polepole, neno baada ya neno, na kabla hajafika mwisho wa mstari wale wanawake walikuwa wamefika. Walikuwa wanasema pamoja naye, wakimtangulia, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akitazama kitabu. Wawili hawakujua kusoma. Muuza kabichi aliyekuwa upande wa pili wa barabara akaitikia pia, bila kuacha kupanga kabichi zake.

Bwana Shariff alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya lori. Aliushusha.

"Bwana Ngatia," akaniita. "Hawa watu walikuwa wapi siku ile?"

"Hapo nje, bwana. Niliwakataza wasiingie."

"Kwa nini?"

"Miguu yao ilikuwa na matope."

Alivua miwani akaipangusa kwa pindo la koti, ingawa manyunyu yaliichafua tena. Alisema jambo likishatiwa sahihi yeye hana uwezo nalo, laiti angekuwa nao. Nadhani alikuwa anasema kweli. Nilimwona akitazama makasha, akitazama wanawake, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. Nilimhurumia, na nilijichukia.

"Karani," akasema Kagure. "Kuja uone hapa."

Nilikwenda. Alikuwa amefungua ukurasa wa arobaini na moja, ule wa maji ya chumvi na sukari. Ukurasa ulikuwa umepasuka katikati zamani, na juu ya ufa nilikuwa nimebandika kipande cheupe cha karatasi, kimenyooka, kimekatwa kwa rula. Kilikuwa kimefunika mstari mzima.

"Lita moja ya maji yaliyochemshwa," akasoma juu ya kipande. "Vijiko sita vya sukari, vya chai." Kidole kikafika kwenye weupe kikasimama. "Na chumvi ni ngapi?"

Nilikiinamia kile kipande.

"Karani, nakuuliza. Chumvi ni ngapi?"

"Sijui," nikasema.

Miaka tisa nilikuwa nimekilinda kitabu kile na mvua, na panya, na vidole vya watu. Nilikiosha jalada. Nilikibandika. Sikuwa nimekisoma.

"Mimi najua," akasema Kagure. "Hawa wanajua. Chaka yote inajua. Lakini kitabu inaenda Wang'uru, na watu ya Wang'uru watakuta karatasi nyeupe. Mama ataweka ngapi? Akiweka mingi ataua mtoto."

Nilijaribu kukibandua kipande kwa ukucha. Gundi ya Ngendo ilikuwa imeshika, na maandishi ya chini yakaanza kutoka pamoja nacho. Kagure akanishika mkono.

"Wacha. Andika."

Sijawahi kuandika ndani ya kitabu cha maktaba maishani mwangu. Niliweka kitabu juu ya kasha, nikatoa kalamu, na Kagure akaanza kuniambia maneno. Dereva alikuwa ameshawasha injini. Bwana Shariff alimwashiria azime.

"Chumvi nusu ya kijiko cha chai," akasema Kagure. "Si kijiko. Nusu. Usijaze, ikuwe sawa na mdomo ya kijiko."

Niliandika.

"Andika kubwa. Huko kuko na wengine wa ngumbaru."

Nilifuta kwa mstari, nikaanza upya kwa herufi kubwa. Manyunyu yaliangukia wino ukasambaa kidogo. Mwenye mtoto mgongoni alisema nirudie lile neno nusu, na niliweke mstari chini, kwa sababu hapo ndipo watu hukosea. Nikarudia. Nikaweka mstari. Mwandiko wangu mzuri haukuonekana popote.

Kagure alinigeuzia kitabu upande wake akasoma nilichoandika, kidole chini ya kila neno, mara mbili. Kisha akakifunga, akatembea hadi kwenye lori, na akampa Bwana Shariff mkononi.

"Waambie wasikioshe," akasema.